Tovuti Iliyokuwa Nzima Kwangu na Kuharibika kwa Wateja

Jumatatu saa mbili asubuhi, siku moja tu baada ya kumaliza kuhamisha tovuti ya duka la pampu na vipuri lililo karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu, mwenye duka alinipigia simu. "Kijana wangu," aliniambia, "watu wa Ahero wananiuliza bei ambazo nimeziweka mtandaoni. Wanasema wakifungua wanaona maandishi madogo kama chembe za mchanga." Nilisafisha kache ya seva, yaani nakala za kurasa ambazo kompyuta inayobeba tovuti huzihifadhi, kama ninavyofanya kila ninapoambiwa kwamba ukurasa hauonekani inavyostahili, kisha nikafungua tovuti kwa simu yangu. Ilikuwa nzuri. Menyu ilikuwa mahali pake, bei zilisomeka bila kukaza macho, na kitufe cha kupiga simu kilikaa chini ya skrini kama zamani. Nilipomrudia, naye aliniambia kwamba hata kwake sasa imekaa sawa. Nikamjibu kuwa huenda ulikuwa mtandao tu. Jibu hilo ndilo ninalolijutia kuliko kosa lolote la kiufundi nililofanya wiki ile, kwa sababu saa nne tatizo lilikuwa limerudi, naye alisita kunipigia tena akidhani kwamba yeye ndiye asiyejua kutumia simu yake.

Duka lile huwauzia pampu za maji na mipira wakulima wa mpunga wa Ahero na wenye bustani za mboga kando ya ziwa, na vipuri mafundi wa Luanda, Bondo na Maseno. Watu hawa hawaketi mbele ya tarakilishi kutafuta bei. Mtu husimama shambani na pampu iliyokwama, akatoa simu mfukoni, akatazama kama kifaa anachokihitaji kipo na ni shilingi ngapi, kabla hajaamua kupanda matatu kwenda mjini. Tovuti isiyosomeka kwenye simu, kwa duka kama hilo, ni sawa na mlango uliofungwa.

Kazi ya kuhamisha nilikuwa nimeipanga vizuri, au hivyo ndivyo nilivyoamini. Seva ya zamani ilikuwa ya kushiriki na watu wengine, iko mbali, na ilikuwa ikilemewa kila mchana. Tulikubaliana tukodi seva pepe yetu wenyewe. Siku mbili kabla ya kuhama nilipunguza muda ambao rekodi za kikoa, yaani jina la tovuti mtandaoni, hukumbukwa hadi sekunde 300, ili nitakapokielekeza kikoa kwenye seva mpya wateja wasiendelee kupelekwa kwenye ile ya zamani kwa saa nyingi. Nilinakili faili kwa rsync, programu ya kunakili faili kati ya seva, nikatoa hifadhidata ya WordPress, programu inayoendesha tovuti hiyo, na kuiingiza upande wa pili, nikaweka cheti cha usalama ili anwani ianze kwa https, jambo ambalo tovuti ya zamani haikuwa nalo. Kisha nikaongeza kitu kimoja ambacho hakikuwako awali: kache ya kurasa ndani ya Nginx (programu ya seva inayowapelekea wageni kurasa), ambayo huhifadhi ukurasa ukishatengenezwa mara moja na kumpa kila anayefuata nakala ile ile bila kuisumbua hifadhidata. Kasi iliyopatikana ilinifurahisha sana.

Jumamosi kulikuwa na hitilafu mbili ambazo nilizitatua siku hiyo hiyo. Nazitaja kwa sababu humpata karibu kila mtu anayehama kutoka http kwenda https, na zote huonekana kwanza kwenye simu. Ya kwanza ilikuwa jedwali la bei lililokuwa limemwagika nje ya skrini. Faili ya mitindo ya jedwali hilo ilikuwa bado inaitwa kwa anwani ya zamani ya http, na kivinjari hukataa kabisa kupakia mitindo isiyo salama ndani ya ukurasa ulio salama. Picha kinaweza kuzivumilia. Faili za mitindo na programu hakizivumilii. Kwenye skrini pana jedwali lisilo na mitindo bado linatazamika, lakini kwenye simu linakuwa fujo.

Ya pili niliisababisha mwenyewe nilipokuwa nikijaribu kuitatua ya kwanza. Nilifungua faili ya hifadhidata kwa kihariri cha maandishi na kubadilisha kila http ya duka kuwa https kwa mkupuo mmoja. Menyu ya simu ikatoweka, pamoja na mipangilio yote ya kiolezo, yaani faili zinazoipa tovuti sura yake. Sababu ni kwamba mipangilio mingi ya WordPress huhifadhiwa kwa namna ambayo PHP, lugha iliyoandikia WordPress, hutangulia kuandika urefu wa maneno, halafu maneno yenyewe. Ikiwa imeandikwa kwamba anwani ina herufi 19, nawe ukaongeza herufi moja ya "s" bila kugusa hesabu, anwani sasa ina herufi 20 lakini rekodi bado inasema 19. PHP ikiisoma rekodi hiyo hushindwa, na WordPress huendelea kana kwamba mipangilio haikuwahi kuwako. Nilirejesha hifadhidata kutoka kwenye nakala ya akiba na kutumia amri ya search-replace ya WP-CLI (zana ya kuendesha WordPress kwa amri za maandishi), ambayo hufungua kila rekodi, ikabadilisha maneno na kusahihisha hesabu. Nilianza kwa jaribio la dry-run linaloonyesha idadi ya mabadiliko bila kuyafanya, na nawasihi wenzangu wasiliruke hata wakiwa na haraka.

Jumapili jioni nilifungua kila ukurasa kwa simu yangu, nikaridhika, nikalala.

Turudi kwenye Jumatatu. Baada ya simu ya pili niliamua kwamba wateja wale walikuwa na simu zenye skrini nyembamba sana, na kwamba mitindo ya tovuti haikuzifikiria. Usiku kucha nilibadilisha sheria za CSS, yaani lugha ya mitindo ya ukurasa, zinazoamua ukurasa ujipange vipi skrini ikiwa na upana fulani: nikaongeza za pikseli 360, nikaongeza za 320, nikapunguza ukubwa wa picha. Kwenye kipakatalishi changu nilitumia kiigizo cha simu kilicho ndani ya Chrome, na kila kipimo nilichochagua kilionyesha ukurasa uliopangika. Asubuhi wateja walikuwa wakilalamika vilevile.

Hapo ndipo nilipojiuliza swali ambalo lilipaswa kutangulia yote: ni nini hasa kilichobadilika? Nililinganisha folda ya kiolezo ya nakala ya akiba ya seva ya zamani na ile ya seva mpya, nikiacha kando mabadiliko yangu ya usiku, kwa amri ya diff inayopitia faili moja baada ya nyingine. Hakukuwa na tofauti hata moja. Mitindo iliyokuwa ikifanya kazi kwa miaka kadhaa kwenye simu za wakulima haikuwa imeguswa na uhamisho. Kwa hiyo nilikuwa nimetumia usiku mzima kukitibu kiungo kisichougua. Niliyafuta mabadiliko yangu yote, nikamwomba mama mwenye duka anitumie kwa WhatsApp picha ya skrini yake, tatizo litakapotokea tena.

Picha ilikuja saa tano. Ukurasa mzima ulikuwa umenywea: menyu yenye maneno saba katika mstari mmoja, nafasi tupu kushoto na kulia, jedwali la bei katikati likiwa dogo mno, vyote kama vinavyoonekana kwenye tarakilishi ila vimebanwa ndani ya upana wa simu. Niliitazama picha ile kwa muda mrefu. Faili ya mitindo inapokosekana, ukurasa huwa mtupu, maandishi meusi juu ya weupe, viungo vya bluu vimepangana kama orodha. Hapa mitindo ilikuwepo yote, rangi na vitufe, lakini simu ilikuwa ikiamini kwamba ina skrini ya tarakilishi.

Imani hiyo ina chanzo kinachojulikana. Vivinjari vya simu, tangu iPhone ilipotoka mwaka 2007, vilitengenezwa viweze kufungua tovuti ambazo hazikuwahi kuifikiria simu. Kivinjari hujifanya kina upana wa pikseli 980 hivi, hupanga ukurasa kwa upana huo, kisha huupunguza wote mpaka uingie kwenye skrini. Mwenye tovuti akitaka simu itumie upana wake wa kweli, huweka juu ya msimbo wa ukurasa tagi ya meta, yaani mstari wa maelekezo kwa kivinjari, iitwayo viewport yenye maneno width=device-width. Tagi hiyo isipokuwepo, sheria zote za skrini nyembamba hubaki zimelala, kwa maana kivinjari hakijioni kuwa chembamba. Picha ya mama ilikuwa inaniambia kwamba tagi hiyo haikumfikia. Nilifungua msimbo wa ukurasa kwenye kipakatalishi kupitia kiigizo, na tagi ilikuwepo, imeandikwa sawasawa.

Jumatano asubuhi nilichukua bodaboda hadi dukani.

Dukani kuna tarakilishi mbili. Moja iko chumba cha ndani, ambako mama huingia kwenye tovuti kama msimamizi na kubadilisha bei. Nyingine iko kaunta, skrini yake imewageukia wateja, nayo huonyesha ukurasa wa bei siku nzima. Nilisimama kaunta nikiwa na simu mkononi, ukurasa wa bei umefunguka vizuri, kwa kuwa usiku uliotangulia nilikuwa nimesafisha kache na kuufungua kwa simu hiyo hiyo. Mama akaita kutoka ndani, "Nimebadilisha pampu ya inchi mbili." Dada wa kaunta, bila kuinua macho kutoka kwenye risiti aliyokuwa akiandika, akanyoosha mkono na kubonyeza F5, kitufe cha kuonyesha upya ukurasa. Bei mpya ikatokea kwenye skrini yake. Nami nikaonyesha upya ukurasa kwenye simu yangu, na mbele ya macho yangu maandishi yakanywea yakawa madogo kama yale ya kwenye picha.

Nilimwomba mama abadilishe bei nyingine, na safari hii nikamsihi dada asiguse tarakilishi yake kwanza. Nilitangulia mimi kwa simu. Ukurasa ukaja mzuri. Kisha dada akabonyeza F5, na kwenye skrini yake pana menyu ikajificha, ikabaki ile alama ya mistari mitatu. "Kaka, hiyo huwa inatokea," alisema. "Tangu Jumatatu kuna wakati menyu inapotea, halafu inarudi." Alikuwa ameliona tangu mwanzo, na hakuna aliyemuuliza. Mimi nilikuwa nimemuuliza mama tu, tena kuhusu simu tu.

Niliketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mipira ya maji, nikafungua kipakatalishi na kuanza kuziuliza seva zenyewe. Kwa bahati njema seva ya zamani ilikuwa bado hai. Nilikuwa nimekataa kuifunga kabla ya mwisho wa mwezi, ingawa mama alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini tunalipia mbili. Kwa amri ya curl, inayoomba kurasa bila kutumia kivinjari, unaweza kuomba ukurasa ukijitambulisha kama simu ya Android au kama tarakilishi ya Windows, na kwa kuongeza neno resolve unaweza kuielekeza amri kwenye seva yoyote bila kugusa rekodi za kikoa. Seva ya zamani, nilipoiomba kama simu, ilinipa ukurasa wenye tagi ya viewport; nilipoiomba kama tarakilishi, ilinipa ukurasa mwingine usio na tagi hiyo. Seva mpya ilinipa ukurasa ule ule mara zote mbili. Niliongeza kwenye mipangilio ya Nginx mstari mmoja unaotangaza, ndani ya kila jibu, kama ukurasa umetoka kwenye kache au umetengenezwa upya. Ombi la kwanza lilisema MISS (umetengenezwa upya), la pili likasema HIT (umetoka kwenye kache), na hilo la pili lilibeba kile alichopewa wa kwanza.

Kiini cha yote kilikuwa mistari michache ndani ya faili ya header.php, iliyoandikwa na fundi aliyenitangulia. Kiolezo kilikuwa kinaita kipande cha msimbo wa WordPress kiitwacho wp_is_mobile, ambacho husoma jinsi kivinjari kinavyojitambulisha na kukisia kama ni simu. Ikiwa ni simu, kiolezo huandika tagi ya viewport na menyu fupi. Kama sivyo, huandika menyu ndefu na kuiacha tagi. Kwenye seva ya zamani mpango huo haukuwahi kumdhuru mtu, kwa sababu kila mgeni alitengenezewa ukurasa wake. Mimi ndiye niliyeweka kache isiyojua kwamba kuna kurasa za aina mbili: ufunguo wake, yaani alama inayotumia kuchagua nakala ya kutoa, ulitazama anwani tu, haukutazama aliyeomba ni nani. Kila mama alipobadilisha bei, ukurasa wa zamani ulifutwa. Kila dada alipobonyeza F5, yeye ndiye aliyekuwa mgeni wa kwanza. Na kuanzia hapo kila mkulima aliyefungua kwa simu alipewa ukurasa uliotengenezewa tarakilishi ya kaunta.

Nikaelewa pia kwa nini mimi sikuwahi kuliona. Kwenye kipakatalishi nilikuwa nimeingia kama msimamizi, na kache nyingi za WordPress, yangu ikiwemo, huwapitisha pembeni walioingia ili wasione nakala za kale. Kiigizo cha simu kilikuwa kinanionyesha ukurasa uliotengenezwa kwa ajili yangu peke yangu. Kwenye simu sikuwa nimeingia, lakini kila mara nilianza kwa kusafisha kache, kwa hiyo nilikuwa wa kwanza mlangoni. Kila kipimo nilichokifanya kwa bidii kilikuwa kinaifuta dalili niliyokuwa nikiitafuta.

Dawa zilikuwa zaidi ya moja. Ningeweza kuizima kache, lakini kasi ndiyo iliyotufanya tuhame. Ningeweza kuifanya seva itangaze Vary: User-Agent, yaani iitenganishe kila nakala kulingana na utambulisho wa kivinjari, tabu ni kwamba kila aina ya simu na kila toleo la kivinjari huwa na utambulisho wake, na kache ingegawanyika vipande vingi mno hata isimfae mtu. Ningeweza kuweka ufunguo wenye makundi mawili tu, simu na tarakilishi, na hiyo ni njia inayokubalika mtu asipoweza kukigusa kiolezo. Nilichagua kuling'oa shina. Nilifuta sharti lile, nikaiacha tagi ya viewport iandikwe kwa kila mgeni, kwa kuwa vivinjari vya tarakilishi huipuuza bila madhara, na menyu zote mbili nikaziweka chini ya mamlaka ya CSS ili upana wa skrini wenyewe uamue ipi ionekane. Sasa ukurasa ni mmoja kwa watu wote, na haijalishi nani amefika wa kwanza.

Maoni yangu, baada ya wiki ile, ni kwamba seva haipaswi kabisa kukisia skrini ya mgeni. Kukisia huko kulikuwa na sababu zamani, simu zilipokuwa dhaifu na tovuti zikiwa na matoleo mawili yanayotofautiana kabisa. Leo simu inajua upana wake kuliko seva inavyoweza kuujua. Na hasara ya kukosea haiishii kwa wateja tu: Google husoma tovuti kwa roboti inayojitambulisha kama simu, mpango ilioukamilisha Oktoba 2023, kwa hiyo siku zile roboti hiyo nayo ingeweza kupewa ukurasa wa kaunta.

Kabla sijaondoka nilimwomba mama radhi kwa neno langu la Jumatatu, nikamweleza kilichotokea kwa lugha ya duka: ni kama mteja wa kwanza wa asubuhi akichagua saizi ya kiatu, halafu kila anayeingia baada yake apewe saizi hiyo hiyo. Alicheka, akabadilisha bei ya mpira wa mita hamsini, dada akabonyeza F5, nami nikafungua kwa simu yangu na kwa simu ya mteja mmoja aliyekuwa akisubiri fundi. Zote zilisomeka.

Wiki iliyofuata nilinunua simu iliyotumika, ya skrini ndogo, kwenye kibanda kimoja cha mtaa wa Oginga Odinga. Hukaa kwenye droo yangu, na sijawahi kuitumia kuingia kwenye tovuti yoyote kama msimamizi. Ninapohamisha tovuti sasa, sisafishi kitu kwanza. Namwacha mwenye tovuti afanye kazi yake ya kila siku, kwa vifaa vyake na kwa mpangilio wake, ndipo naitoa simu hiyo na kufungua ukurasa nikiwa mgeni wa mwisho.

Ijumaa mama alinipigia tena. Alitaka kujua kama picha ya pampu ingeweza kuwekwa juu ya bei badala ya kando yake, kwa maana kuna mteja wa Bondo aliyetaka kuiona vizuri kabla hajatuma pesa.